Tumepandishwa Daraja, Tumekwisha

Waliosoma wiki jana wanakumbuka nilipofikia: nimesimama kaunta ya uwanja wa ndege na pasi za watu wanne mkononi, namwomba mfanyakazi wa shirika aturudishe viti vya nyuma, karibu na choo. Naye ananitazama kama mtu anayeomba apigwe kofi.

Kwa anayeingia leo, mkasa wenyewe ni huu. Mdogo wangu wa kike, ambaye nyumbani tunamwita Kijiko, ni mhudumu wa ndege. Safari hiyo ndiyo aliyopangiwa mtihani wa kupanda cheo, ahudumie daraja la kwanza. Mkaguzi angekuwemo humo ndani, amejifanya abiria, hajulikani na mtu.

Na kuna sharti. Ndugu wa mtahiniwa hawaruhusiwi kukaa sehemu anayohudumia. Wakikutwa, mtihani umefutwa, na Kijiko anarudi alikotoka, dawati la mizigo iliyopotea. Huko alitukanwa na wenye masanduku mpaka akawa analia usingizini.

Ndiyo maana alitukatia tiketi za mkiani kabisa. Tulikuwa tunakwenda kumwona mtoto mchanga wa kaka yetu mkubwa: mimi, mke wangu, binti yetu wa darasa la pili, na mama. Mkia ungetutosha sana.

Lakini bahati yangu mnaijua. Viti vya nyuma viliuzwa kupita idadi yake, na kompyuta, katika abiria wote waliokuwepo, ikatuteua sisi tupelekwe mbele.

"Bwana, hamtalipa chochote," kijana wa kaunta akaniambia taratibu. "Ni bure."

"Nimeelewa. Sitaki."

"Kuna vitanda."

"Mimi ni fundi wa makochi na magodoro, ndugu yangu. Vitanda vimenichosha."

"Kuna bafu pia."

"Tumeoga nyumbani."

Mke wangu akanikanyaga mguu. "Hebu subiri. Bafu? Huko huko juu?"

"Ndiyo, mama. Maji ya moto."

Mke wangu akazichomoa zile pasi mkononi mwangu. Msomaji, mimi nimeoa. Mjadala ukafungwa.

Nikamtumia Kijiko ujumbe. Jibu likaja hapo hapo: "Mungu wangu. Hamnijui, siwajui. Msiniite Kijiko. Na mama ASISEME KITU."

Mama asiseme kitu! Mama yangu amepika shule ya msingi maisha yake yote. Amezoea kusema na watoto mia kwa mara moja, na wa mwisho kwenye foleni lazima asikie.

Sasa mama ana jambo lake moja, nalo mlijue. Watoto wa watu anawasifia mpaka wanaona haya. Wake, hata kidogo. Siku Kijiko alipohitimu mafunzo, wenzake walibebwa juu juu, wanamwagiwa maua. Mama alimzunguka mara moja, akasema, "Sketi imekaa upande." Kijiko akaenda nyuma ya hema akalia, mimi nikiwa nimemshikia kofia.

"Hajawahi kunisifia, kaka," aliniambia. "Hata siku moja. Mimi sijui nimfanyie nini huyu mama."

Nikimuuliza mama, ananijibu, "Ukimsifia wako unamlegeza." Basi, mazungumzo yameisha.

Tukapelekwa sebule ya kusubiria. Mimi nilidhani sebule ni viti na televisheni. Kumbe sebule ya wakubwa ni nyumba ya watu! Kuna bustani ndani. Kuna vyumba vya kulala. Kuna bwana mmoja kazi yake ni kukuuliza kama shati lako lipigwe pasi ukiwa umejifunga taulo.

Na menyu haina bei. Nikaitafuta bei mbele, nikaitafuta nyuma, nikaigeuza kichwa chini. Nikaagiza chai.

"Chai tu, bwana?"

"Tupu. Bila sukari, kama sukari inahesabiwa."

"Kila kitu ni bure, bwana."

Hapo mambo yakabadilika. Sitaki kusema uongo kwa watu wanaonunua gazeti: tuliivamia ile menyu. Binti yangu alikula aiskrimu, akapumzika, akala nyingine yenye mwavuli. Mke wangu alikwenda kuoga, akarudi ananukia, akakaa kidogo, akaenda kuoga tena. Mimi nilizunguka nikibonyeza makochi, na nakiri nilifungua zipu ya mto mmoja kuona umejazwa nini. Manyoya ya bata! Nilikaribia kulia kwa furaha.

Mama peke yake ndiye alipata taabu. Kijana mmoja alipiga goti akitaka kumng'arishia viatu.

"Inuka, mwanangu," mama akamwambia. "Umekula wewe?"

"Niko kazini, mama."

"Sijakuuliza uko wapi. Nimekuuliza umekula?"

Nikaenda mbio kumwokoa yule kijana. Nikamkuta mama ameshapata rafiki, mwanamke wa makamo aliyekaa kochi la jirani, amevua viatu, amevaa soksi nene za bure, anacheka mpaka anashika mbavu. Nikambatiza Bi Soksi.

"Mama yako amenifurahisha," Bi Soksi akaniambia. "Sijacheka hivi siku nyingi."

Nikajipa moyo. Mama akishapata mtu wa kupiga naye soga, nikawaza, hatapata nafasi ya kumsemesha Kijiko. Akili yangu hiyo, muione.

Huko hawatangazi ndege. Anakuja mtu, anakunong'oneza kwamba ndege yako iko tayari, kana kwamba ndege ndiyo imekungoja wewe. Tukapakiwa kwenye gari jeusi tukashushwa ngazini. Binti yangu akawapungia mkono watu wote waliokuwa kwenye basi la abiria. Nilimkemea, halafu na mimi nikapunga.

Mlangoni amesimama Kijiko. Sare imenyooka, kofia imekaa, tabasamu lipo. Alipotuona tabasamu likabaki pale pale, ila macho yakawa yanaomba dua.

"Karibuni sana, wapendwa abiria."

"Asante, dada usiyetufahamu," nikajibu.

Mke wangu akanifinya.

Binti yangu alishafundishwa. Akampita shangazi yake, midomo ameibana, mikono ameifunga nyuma. Mama naye akamtazama Kijiko toka kofia mpaka viatu. Nikashika roho mkononi. Mama akapita bila neno.

Siti za huko si siti, ni vijumba. Kila kimoja kina mlango, kitanda, kabati, na kistuli mbele, ili mtu aje kula na wewe. Vile vinne vya katikati, ukuta kati yake unashuka, vinakuwa chumba kimoja cha familia. Tukapewa vitatu. Mama akapewa cha dirishani, ng'ambo ya njia, na jirani yake nani? Bi Soksi. Wakapokeana kama watu waliosoma pamoja.

Kijumba cha nne, ubavuni mwangu, akakaa mzee mmoja wa suti.

Nilimjua mara moja. Nani mwingine? Abiria wote walishavaa pajama za kijivu tulizogawiwa, yeye kakaa na tai. Anatazama kila kitu. Kijiko akifunga kabati, anatazama. Kijiko akimwaga maji, anatazama mpaka tone la mwisho. Mkaguzi huyo!

Nikaushusha ukuta kati yetu.

"Mzee, umeona alivyomwaga yale maji?" nikamwambia. "Hata tone halikupotea."

"Mm," akasema.

Kijiko akapita na taulo za moto.

"Umeona anavyotembea? Mimi nimeona watu wakitembea, lakini huyu!"

"Mm."

Kijiko akaleta mkate.

"Mkate umeshikwa kwa heshima, mzee. Tazama vidole."

Yule mzee akanigeukia polepole. "Bwana, huyo mama aliyeingia bafuni si mkeo?"

"Ndiye."

"Basi muogope Mungu."

Akapandisha ukuta.

Upande wa pili nako kulikuwa kunawaka. Mama hawezi kukaa mtu mwingine akipakua, hajui inavyofanyika. Chakula cha kwanza kilipoisha, nikamwona ameinuka na sahani yake, akaongeza ya Bi Soksi, akaanza kuzunguka vijumba.

"Umemaliza, baba? Lete. Wewe hukula mboga, kwa nini?"

Kijiko akamkuta njiani. Wakasimama uso kwa uso, mmoja na trei, mwingine na sahani, na abiria wote wanatazama.

"Mama," Kijiko akasema kwa sauti ya kazini, "naomba nikusaidie."

"Nimeshika mimi."

"Tafadhali, mama. Ni kazi yangu."

Hapo hapo ndege ikayumba. Sahani za juu zikateleza, na Kijiko, bila kuzitazama, akazidaka juu ya trei kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamshika mama kiuno, akamketisha. Mambo yote yakatendeka kabla sijafungua mdomo kupiga ukelele. Abiria wakapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele, mwanamume mzima. Siioni aibu hata sasa.

Mke wangu akatoka bafuni amejifunga taulo kichwani, uso unang'aa. Mzee wa suti akamsimamisha.

"Mama, samahani kuingilia ya nyumba za watu. Mumeo amempenda huyu mhudumu."

"Hata mimi nampenda," mke wangu akasema, akakaa, akaagiza juisi.

Mzee akalegeza tai. Nikaona ni wakati wa kuzungumza kiume. Nikashusha ukuta tena.

"Mzee, tusifichane. Najua kazi yako."

Akashtuka. "Umejuaje?"

"Unavyotazama."

"Ni woga, bwana," akanong'ona, na nikaona jasho limemlowesha kola. "Sijawahi kupanda ndege. Kazi yangu mimi ni kutibu ng'ombe. Wafugaji wamechanga wakanikatia tiketi niende mkutanoni. Natazama kila kitu nisije nikakuta kuna kimoja kimelegea."

Daktari wa ng'ombe.

Kama si huyu, ni nani? Nikainua kichwa juu ya ukuta, nikapitisha macho kijumba kwa kijumba. Bibi na bwana waliolala. Kijana mwenye vipokea sauti masikioni. Ng'ambo ya njia, Bi Soksi amekaa kwenye kistuli mbele ya mama, wanakunywa chai.

Na Bi Soksi hakuwa amevaa saa mkononi. Aliishika kiganjani, ile ya kubonyeza, kama ya mwalimu wa michezo. Kijiko alipotoka jikoni na buli la chai, Bi Soksi akaibonyeza. Kijiko alipofika kwa yule kijana, akaibonyeza tena.

Mkaguzi ni huyu! Yule mwanamke tuliyemwachia mama tangu sebuleni, tena kwa furaha!

Nikajitupa njiani. Lakini mhudumu mwenzake Kijiko alikuwa ameleta kitoroli cha keki, kimeziba njia yote, na binti yangu yuko mbele yake anachagua.

"Hii ina nini?" binti yangu anauliza. "Na hii?"

"Mwanangu, chukua yoyote!"

"Baba, usipige kelele. Hapa ni daraja la kwanza."

Kwa hiyo nikasimama nyuma ya keki, nasikia kila neno, sina la kufanya.

"Hebu niambie, dada yangu," Bi Soksi anasema. "Umehudumiwa vipi leo? Usimfiche mtu. Umeona kasoro?"

Nikafumba macho. Kumuuliza mama yangu kasoro za Kijiko! Orodha anayo tangu akiwa anatambaa.

Mama akanywa chai. Akaweka kikombe.

"Kasoro?" akasema. "Kwa binti huyu? Mimi nimepakulia watoto wa watu mpaka mgongo umepinda, najua mtu anayehudumu kwa moyo na anayehudumu kwa mshahara. Huyu ni wa moyo. Umemwona alivyochuchumaa kusema na yule mtoto? Hakumsemesha akiwa amesimama. Umemwona alivyomtuliza yule mzee wa suti anayeogopa ndege, akamwekea mkono begani, akaendelea na kazi wala hakumtangaza? Hayo hayafundishwi."

Nikafumbua macho. Kijiko amesimama nyuma ya kiti cha mama na buli mkononi. Mama hamwoni.

"Mzuri, msafi, hodari," mama anaendelea. "Ningekuwa na neno la kumwambia, ningemwambia asichoke. Kuna watu wanamtazama wanajivunia kimya kimya, hawana mdomo wa kusema. Aliyemzaa huyu hakupata hasara."

Msomaji, nilielewa. Leo huyu hakuwa mwanawe. Leo alikuwa mtoto wa watu, na watoto wa watu mama anawasifia. Yote aliyoyakalia miaka yote yakamtoka, na aliyeyasikia ni yule yule ambaye, kwa sheria ya mama, hakupaswa kuyasikia.

Kijiko alikuwa ameuma mdomo. Machozi yanamteremka mpaka kwenye kola ya sare, na buli limenyooka, halitikisiki. Mke wangu akaanza kulia kwenye juisi. Mimi nililia kwenye keki.

"Nami nimemwona hivyo hivyo," Bi Soksi akasema. "Pale aliposhika sahani, nilikaribia kusimama. Na kitu kingine kidogo nimekipenda. Kikombe chako anakiweka mkono wa kushoto kila mara. Wengine wote anawawekea kulia."

"Ee, kwa sababu wa kulia unaniuma. Ulivunjika, haushiki vizuri."

"Ulimwambia?"

Mama akaanza kukizungusha kikombe.

"Dada yangu, ulimwambia kama mkono unakuuma?"

Nilisikia injini. Nilisikia binti yangu akitafuna.

Bi Soksi akaiweka ile saa mezani, mbele ya mama. "Nikwambie ukweli, maana wewe umenifurahisha tangu chini. Mimi ndiye ninayewapima hawa mabinti. Huyu hapa amekwisha kushinda, yamebaki machache. Nasikitika tu mama yake hayupo, angekusikia ulivyomsema."

Ilikuwa rahisi. Mama angesema, "Ndiyo, nilimwambia," na mambo yote yangekwisha, tungeshuka, tungekumbatiana kwenye maegesho. Nilimtazama mama, nikamwomba kwa macho. Sema hivyo, mama. Neno moja la uongo, mara moja katika maisha yako.

Mama akageuka kwenye kiti. Akamwona Kijiko. Akaona uso ulivyolowa, akajua kwamba amesikia yote.

Wakatazamana. Nadhani mama aliona kwamba akimkana sasa, basi na yale maneno yote yatabaki ya mtoto wa watu, hayatakuwa ya Kijiko kamwe.

"Kijiko," akaita. Si kwa sauti ya shule. Kwa sauti ndogo, ya nyumbani.

"Abee, mama."

Lilimtoka lenyewe, kama linavyotutoka sote tukiitwa.

Buli likatua mezani. Bi Soksi akamtazama Kijiko, akamtazama mama, akautazama ule mkono wa kulia. Akainuka na soksi zake, akaja katikati ya njia. Akamwona mke wangu na taulo kichwani, analia. Akaniona mimi nyuma ya kitoroli, keki mdomoni, nalia vile vile.

"Haya," akasema, na usoni mwake sikuweza kusoma kitu. "Na nyinyi wengine. Nani mwingine humu ndani ni wa kwao?"

Hata daktari wa ng'ombe alishusha ukuta wake aone.

Ndipo binti yangu akaweka keki chini, akajifuta vidole kwenye pajama, akanyoosha mkono juu, kama wanavyofundishwa darasani.